Mdomo wa Fundi

Fundi wa kukereza vyuma ana mazoea yake. Kila ganda la kiunganishi cha taa za wazamiaji huliosha, hulipuliza, kisha hupitisha mdomo wa chini polepole kwenye mfereji unaokaa mpira wa kuzuia maji. Mkaguzi, binti mgeni kazini, hucheka chinichini: mzee anabusu vyuma! Leo fundi alitupa kwenye chakavu ganda ambalo binti alikwisha kuliidhinisha.

“Babu! Nimelipima mwenyewe, liko sawa!”

“Kuna ncha ndogo kali, kipimo hakiioni, mjukuu wangu. Itakata mpira, maji yaingie, mzamiaji abaki gizani huko chini.”

Mzee akageuka. Tone la damu lilikuwa limetuna kwenye mdomo wake wa chini.

Sanduku zima la asubuhi, lililofungwa kabla mzee hajafika, lilikuwa na saini ya binti. Akalifungua, akaosha ganda la kwanza, akaliinua mdomoni.