Nilipokea Kitenge, Sasa Timu Yetu Inapelekwa Kalemie

Mwenye page, naomba ufiche jina langu, maana hapa Baraka, kando ya ziwa Tanganyika, ni padogo na bantu banasoma hapa. Niko mama wa miaka arobaini na saba, mujane, nauzaka samaki bakavu sokoni. Shule niliachia mwaka wa tatu wa primeri, munisamehe nikiandika vibaya.

Hapa kwetu nguo za timu ya mpira hazilalaki kwa kocha. Zinalala kwa mama mumoja mwenye bote banamuamini, adui asije akakata uzi akaufanyia dawa. Huyo mama ni mimi, mwaka wa saba huu. Nazifua ziwani, nazianika ndani ya chumba changu, usiku zinanidondokea maji. Bachezaji bote bananiita Mama Timu. Wa kuzaa mwenyewe kati yao iko mumoja, ndiye analinda goli.

Mwezi uliopita prezida wa timu, mwenye maboti, alifika kwangu na bazee babili. Akaleta kitenge kizuri, chumvi na sabuni. Akasema amekuja kunishukuru kwa kulea batoto. Nikapokea na mikono mbili, nikapiga vigelegele, majirani bakatoka kuona. Tangu mume wangu afe hakuna aliyenikumbuka na kitenge. Siku ile ile nikakipeleka kwa fundi.

Sikuwaza. Mimi niliyeozesha binti babili, na kitenge cha mahari cha mama nilikipokea mara zote mbili! Najua maana yake: ukishapokea mbele ya bantu, mutoto ameenda.

Wiki mbili nyuma prezida akaita mukutano kiwanjani. Akasema Baraka hakuna kiwanja cha maana, barabara ni mbaya, timu zingine zinachoka kuja. Kwa hiyo anataka kuihamisha timu Kalemie, muji mukubwa wa kusini, na jina lake na nafasi yake kwenye ligi. Bachezaji atabeba bane tu, bengine atabapata kule. Mutoto wangu hayuko kati ya bale bane. Bantu bakaanza makelele. Yeye akatulia, akanionyesha na kidole pale nilipokaa, na kitenge chake mwilini.

"Mama Timu alishapokea. Bazee hawa bashahidi. Nani tena atakataa?"

Bote bakaniangalia mimi.

Nyumbani mutoto wangu aliniambia neno moja tu: "Mama, umetuoza bila kutuuliza." Tangu siku ile anakula kwa rafiki yake. Sahani yake naifunika kila jioni, asubuhi nabapa kuku. Sokoni bamama bananiuliza, "Mama mukwe, mbuzi ya mahari toka Kalemie ilishafika?" Nacheka nao, halafu naenda kulia nyuma ya vitunga vya samaki.

Nilienda kurudisha kitenge. Prezida akaniambia kwa upole, "Mama, nirudishie kama nilivyoleta." Kimeshakatwa, kimeshonwa, nimekivaa kanisani. Nikakikunja tena. Akauliza kama samaki ninazoletaka kutoka Ubwari, ng'ambo kule, bado zinasafiri vizuri na boti yake. Hakunitisha. Aliuliza tu.

Jumamosi boti ya Kalemie inaondoka, prezida atatuma muntu achukue gunia la nguo. Najua anaweza kununua zingine. Lakini anataka hizi, ili bantu basiseme aliiba timu, baseme mama mwenyewe aliitoa. Bapenzi ba timu banasema nizifiche. Pasta anasema niliyepokea mbele ya bantu nisigeuke. Nikikatalia, niko mama mwenye kula mahari na kufungia binti ndani. Nikitoa, batoto kumi na nne niliobalisha banabaki kukaa kando ya ziwa bila timu, na wangu mwenyewe kati yao.

Jana mchana mutoto wangu aliingia. Nilidhani amekuja kula, nikakimbilia sufuria. Akapita mpaka chumbani, akashusha nguo yake namba moja kwenye kamba, akaishika kidogo. Halafu akairudisha, akainyoosha mabega vizuri kama ninavyofanyaka mimi. Akatoka bila kuniangalia.

Zote zimekauka. Nimezikunja, ziko kitandani, na gunia liko pembeni, sijatia hata moja. Bandugu, dada zangu, na nyinyi bavijana munaocheza mpira: muntu wa prezida akibisha Jumamosi, nimufungulie niseme nini? Nishaurini mama yenu, mi nimeshindwa.