Aliyelazwa Kulia kwa Mlango

Mvua kubwa ikishapita, Audrey Aoko huvaa gambuti, akachukua gunia na kushuka kwenye mto unaopita chini ya Kibera. Huokota kilichosazwa na maji: sufuria zilizotoboka, mabomba, nyaya, viatu vya mguu mmoja. Mzigo huo huupeleka mtaa wa Kawangware 46, kwenye banda la mabati alilopangishwa na Muthoni, na huko akaugeuza kuwa watu.

Mwanzoni watu hao walichekesha. Palikuwa na mheshimiwa mwenye tumbo la karai, na pasta mwenye mdomo wa spika mbovu. Kisha vijana wa mtaa wakaanza kutoka asubuhi na kutoonekana tena, na wazazi waliowaulizia wakaambiwa wasubiri. Mwaka huo Audrey aliacha kuchekesha. Alitengeneza wanaume wa bomba na waya, akawavika nguo zilizotoka mtoni, akawalaza sakafuni na kuwafunika shuka hadi kifuani. Alitaka wakubwa watakaokuja kwenye maonyesho ya sanaa wapite katikati yao wakitazama chini.

"Audrey, hao watu wako wanakohoa," Muthoni alimwambia.

"Ni mabati yanapoa, Mama Wanja."

"Mabati nilinunua mimi. Hayakohoi. Wapangaji wangu siku hizi wanazunguka huko nyuma yote kwenda choo, wasipite hapa kwako."

Audrey alicheka, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameacha kufanya kazi akiwa amewapa mgongo.

Siku ya kupeleka kazi kwenye maonyesho, mwanamke mmoja alisimama mlangoni na beseni la omena, dagaa wa ziwani. Alikuwa Awiti, muuzaji wa Soko la Toi, mkazi wa Gatwekera, Kibera. Alikuwa amesikia habari za nguo za mtoni. Hakusalimu. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwa mtu aliyelala peke yake kulia kwa mlango, mwenye koti la kijani la fundi wa kuchomelea vyuma.

Aliinama, akashika kifungo cha pili. Kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mwekundu.

"Huu uzi ni wangu," alisema. "Hili ni la Lazarus, mume wangu aliyepotea."

"Pole, mama. Nililipata mtoni, sikujua..."

"Koti si mtu. Koti linaweza kuibwa, linaweza kuuzwa." Awiti alimtazama. "Wewe ni nyar nani, binti wa nani?"

"Naitwa Audrey Aoko. Lakini nilizaliwa hapa hapa Nairobi. Nyumbani nimeenda mara chache."

"Ndio maana. Kwetu mtu akipotea kabisa, mwili usipatikane, tunazika yago, lile tunda refu, mahali pake. Siku ukizika yago umekubali amekufa. Shemeji zangu wananisukuma nizike. Nimekataa. Sasa wewe umenimalizia." Sauti yake haikupanda. "Umemlaza kulia kwa mlango, mahali pa kaburi la mwanamume. Nani alikuonyesha?"

"Hakuna. Niliona hapo pana mwanga."

"Na hili bega la kushoto, kwa nini umelishusha? Lazarus alianguka kutoka paa, likabaki hivyo."

Audrey alikumbuka jinsi bomba lile lilivyokataa kunyooka. Alikuwa amelipiga nyundo asubuhi nzima, kisha akaliacha lilivyotaka.

"Msimamishe," Awiti alisema.

Walimshika, mmoja huku na mwingine kule. Audrey alikuwa amembeba peke yake wakati wa kumlaza. Sasa wawili walihema. Walimwegemeza kwenye nguzo, uso ukielekea njiani. Awiti akampangusa vumbi mabegani, akamwambia neno kwa Kijaluo, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kisha akajitwika beseni lake, akaondoka.

Saa kumi Antony, mwenye maonyesho, alifika na pikapu. Wengine walipakiwa. Akaja kwa aliyesimama.

"Na huyu?"

"Huyu haendi."

"Audrey, usinifanyie hivyo. Huyu ndiye niliweka kwa bango. Bila yeye hakuna show, na mwaka ujao usinipigie simu."

"Haendi."

"Sababu?"

"Wale wamelala. Huyu hajafa."

Antony alimtazama, akamtazama yule wa koti la kijani, akafungua mdomo kucheka. Hakucheka. Alirudi kwenye gari akitembea kinyumenyume hadi alipovuka kizingiti.

Audrey alibaki peke yake. Alisogea kukaza waya wa shingo. Koti lile lilikuwa limekaa mtoni, likafuliwa kwa sabuni, likaanikwa juani hadi likapauka. Alipokaribia kola, alisikia harufu ya chuma kilichotoka kuchomelewa, kingali cha moto.

Aliweka koleo chini taratibu. Akavuta kiti, akakiweka karibu naye, kisha akatoka nje bila kufunga mlango.