Honi ya Kwenye Kanda

Juzi nilikuwa Nyakanazi, kwenye kibanda cha chakula, tukisubiri basi la kutoka Mwanza livuke msitu likisindikizwa na polisi. Lilikuwa limechelewa saa tatu nzima, na kwa habari za majambazi siku hizi, sahani zetu zilikuwa zinapoa tu.

Mama mwenye kibanda akaweka kanda aliyoachiwa na dereva Mzungu wa malori ya wakimbizi. Wimbo wa kwanza ulikuwa magitaa ya kelele. Wa pili, mtu na kinanda, kama yuko kanisani. Wa tatu ulianza kwa honi, tukakimbilia wote barabarani. Hakuna basi.

"Rudi ukae, mzee," mama alimwambia mkulima wa kijiji cha Kirushya aliyekuwa akimngoja mkewe kwa basi hilo kutoka hospitali. "Honi iko kwenye kanda."

"Umebadilisha kanda ngapi?"

"Sijaigusa. Ni bendi hiyo hiyo."

Mzee akasikiliza, kichwa upande. "Hawa wamechanganyikiwa," akasema, "lakini wamechanganyikiwa vizuri. Geuza upande wa pili."

Upande wa pili ukatukuta tunakula. Honi ikalia tena.

"Kaeni, ni kanda," mzee akatuambia, mdomo umejaa wali.

Kumbe kanda ilikuwa imekwisha. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mzima, kifurushi mkononi.

"Kwa hiyo hamnipokei?"

Mimi siujui muziki wa Kizungu. Najua tu kwamba ule ulitutoa hofu hadi tukasahau tulichokuwa tunakingoja.