Kunguru Walionijua

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Kariakoo yakaanza kujaa bidhaa tena, takataka nazo zilijaa. Kila mwenye karai alikaanga chipsi, kila kona palikuwa na mtu wa mishikaki, na mabaki yalilundikana barabarani yakisubiri gari la taka lililokuja kwa kubahatisha. Walioneemeka kuliko sisi sote ni kunguru. Sisemi wale wa kwetu wenye kola nyeupe. Nasema hawa wembamba, wa shingo ya kijivu, ambao asili yao ni India, wakaletwa Unguja zamani za wakoloni na baadaye wakaenea huku bara. Walikula mayai na makinda ya ndege wengine mpaka katikati ya mji ikawa nadra kusikia mlio mwingine asubuhi. Walidokoa samaki Feri, wakabeba vifaranga uani, hata sabuni ukiisahau dirishani hukuikuta.

Nilikuwa kijana, nimetoka Lindi, sina ndugu mjini, nilipopata kazi kwenye mradi wa kuwapunguza. Nilitakiwa kuzunguka Kariakoo, Gerezani na Posta nikiomba wenye nyumba waturuhusu kuweka vizimba vya waya juu ya paa, na kuwauliza watu kunguru wanalala wapi na wanajenga viota wapi. Mkuu wangu wa kazi aliniambia siku ya kwanza, "Hawa hawana mpaka. Ukiwatega hapa na jirani anawalisha, umefanya kazi bure. Ongea na watu. Wa Feri wanajua lao, wa Gerezani wanajua lao, lakini hawaambiani."

Kuongea na watu ndiko kulikokuja kunishinda, na walioniharibia ni kunguru wenyewe.

Ndani ya kila kizimba tuliacha kunguru mmoja hai, pamoja na nyama na maji, ili wenzake wamwone washuke. Asubuhi nilipanda kuwatoa walionaswa na kuwavunja shingo. Sikuwahi kuizoea kazi hiyo. Niliifanya upesi nikiwa nimetazama pembeni. Lakini waliokuwa wamekaa kwenye paa la jirani walikuwa wakinitazama mimi. Haukupita muda mrefu nikagundua kwamba wamenikariri. Nikitokeza Mtaa wa Msimbazi, mmoja anapiga kelele kwenye waya wa umeme, wa pili anaitikia, halafu kundi zima linanifuata kutoka paa hadi paa likinizomea. Nilibadilisha shati, nikanunua kofia pana ya mtumba. Hawakudanganyika.

Mwanzoni watu walicheka. "Bwana Kunguru, mambo?" Nami najibu, "Poa." Baadaye kicheko kikaisha. Mama mmoja muuza vitumbua akawa ananiona kwa mbali anafunika beseni lake na kugeukia ukutani. Nikisimama kuuliza habari za viota, mtu ananiambia hajui, huku macho yake yako juu, kwenye wale ndege. Kumbe kila nilikokwenda maneno yalikuwa yameshanitangulia.

Mama mwenye nyumba niliyopanga Gerezani aliniita uani.

"Baba, mimi sina ugomvi na wewe. Ila wapangaji wenzako wanaogopa. Ndege wanakaa juu ya bati kukusubiri utoke. Watu wanauliza, huyu ametoka na nini huko kwao?"

"Ni kazi yangu, mama. Wananijua kwa sababu nawatega."

"Mimi nakuelewa. Waeleweshe na wao, la sivyo itabidi uhame."

Nitawaelewesha vipi watu ambao nikikaa barazani wanakumbuka wameacha sufuria jikoni? Nikawa nakula chumbani, mlango umefungwa. Kuna jioni nilijikuta nasoma kwa sauti maandishi ya kopo la dawa ya mbu, nisikie tu mtu akiongea.

Mradi ulilitaka sana paa moja la ghorofa Kisutu, ambako kunguru walitua kila siku. Juu kabisa aliishi mama wa Kihindu, mjane, peke yake. Ngazi nzima ilimwita Ba, yaani mama.

"Shikamoo, Ba."

"Marahaba. Wewe ndiye yule anayewaua?"

Nikasema ndiyo. Hakunifukuza, ila paa alinikatalia. Akanieleza kwamba kila mwaka wana majuma ya kuwakumbuka marehemu wao. Anapika wali wa maziwa wenye iliki, anauweka juu ya ukuta wa paa, na kunguru akila, basi marehemu naye amekula. "Watoto wangu wako Kanada," alisema. "Mume wangu bado yuko hapa. Sasa wewe unataka kumletea mtego kwenye sahani?"

Nikamwambia kuwa mama yangu alizikwa Lindi nikiwa njiani, tumekwama Rufiji kwa mafuriko. Akaniwekea chai ya tangawizi.

Nilirudi mara nyingi. Ofisini nilisema namshawishi. Ukweli ni kwamba alikuwa akiongea nami. Kunguru walinipigia kelele kutoka ukutani na yeye alicheka sana: "Wanakutukana, leo wametaja mpaka ukoo!"

Siku moja nilimkuta hacheki. Shomoro walikuwa wamejenga kwenye tundu la ukuta karibu na dirisha lake la jikoni, naye alikuwa akiwamwagia punje za mchele. Asubuhi hiyo kunguru walikuja wakayatoa makinda, mmoja mmoja, yeye akiwapigia sufuria bila wao kujali.

Kisha akasema, "Weka kizimba chako. Lakini majuma yale utakiondoa."

"Nitakiondoa, Ba."

"Na majirani zangu nitasema nao mimi. Chakula tutaweka majuma yale tu. Siku nyingine ndoo za taka zifunikwe."

Akatimiza. Akaniuliza pia kwa nini Kariakoo hawanisaidii, nami nikamsimulia. Kesho yake aliteremka ngazi zote zile akiwa na sari yake nyeupe na mwavuli, akaniambia twende. Tulitembea pamoja hadi Kariakoo, kunguru wakituzomea juu ya vichwa, watu wakisimama kutuangalia. Akaenda moja kwa moja kwa yule mama wa vitumbua.

"Huyu anawatega, ndiyo maana wanamchukia," alisema. "Hata wewe ukimwibia mtu kuku, atakujua sura. Sema naye. Huku kwenu wanalala wapi?"

Yule mama alimtazama, akanitazama. "Hawalali huku," akasema taratibu. "Jua likianza kushuka wanaenda upande wa reli."

Muuza machungwa akadakia kwamba siyo wote, kuna wengine wanaelekea Feri. Mwingine akabisha. Ndani ya muda mfupi kulikuwa na duara la watu wakibishana habari za kunguru, na mimi nimo katikati. Nilijikaza nisilie.

Tangu hapo habari zilikuja. Nilizipeleka za Kariakoo kwa watu wa Feri na za Feri kwa watu wa reli, tukahamisha vizimba kule ndege walikokuwa kweli. Kunguru walipungua, na kwenye nyaya za Gerezani nikaanza tena kusikia shomoro. Mama mwenye nyumba hakuniongelesha tena habari ya kuhama, ingawa barazani walibaki wakinyamaza nikipita.

Majuma ya marehemu yalipofika niliondoa kizimba kama tulivyokubaliana. Ba akapika. Nilisimama chini kwenye ngazi, nyuma ya mlango wa paa, wasinione. Aliiweka sahani ukutani akarudi nyuma. Kunguru walikuwepo, wamejipanga kwenye paa la ng'ambo. Walipomwona wakaanza kelele ileile waliyonipigia mimi. Walikuwa wamemwona nami barabarani, na sasa walimjua. Hakuna aliyeshuka. Jua lilipanda, wali ukakauka juu, ukaanza kuingia nzi.

Nilitoka nikasema, "Ba, nisamehe."

Alikuwa anaipangusa mikono yake kwenye ncha ya sari. "Labda ameshiba," alisema. Akachukua sahani, akaniomba nimshike mkono kwenye ngazi.

Kabla ya mvua za mwaka uliofuata, watoto wake walimchukua Kanada. Si muda mrefu baada ya hapo wafadhili wa mradi waliondoka, ofisi ikafungwa, vizimba vikauzwa kama vyuma chakavu. Kunguru wakarudi, wengi kuliko mwanzo. Mimi nikapata kazi ya stoo kwenye duka la vipuri.

Mwaka jana walinijia nyumbani mabinti wawili wanaofanya utafiti wa ndege. Walikuwa wamesikia kwamba niliwahi kufanya kazi ile, wakauliza tulijifunza nini. Nikawaambia yote niliyoyakumbuka: miti, mapaa, njia wanazopita jioni, na kwamba waanze na watu kabla ya vizimba. Niliongea mpaka sauti ikakwaruza. Wakarekodi kwenye simu, wakamaliza soda zao, wakaaga kwa heshima. Nikakusanya glasi nikaenda kuziosha.