Pistoni Mkononi mwa Mama Mkwe

Miaka ile nchi ikiitwa Zaire, Néhémie, fundi wa pikipiki wa Kalemie, alirudi nyumbani akamkuta mama mkwe wake uani, ameshika pistoni ambayo Néhémie aliiacha ikiloweka katika mafuta ya taa ili masizi yalainike. Mkono wa pili ulijaa mchanga wa ziwa, tayari kuisugua kama sufuria.

Pistoni ile ilikuwa ya pikipiki ya muuguzi wa kule mji wa Kirungu, na nyingine ingebidi iagizwe Kigoma. Lakini kwao mkwe hamsogelei mama mkwe wala hamsemeshi, sembuse kumpokonya kitu. Na mkewe Claire alikuwa sokoni. Akamgeukia kuku aliyekuwa akidonoa pale uani.

“Wewe kuku, hii chuma ni laini. Muchanga utaikwaruza, na punje zikibaki kwenye mifereji ya pete, injini itakufa njiani.”

Mama mkwe hakuinua uso. “Kuku, umuulize bwana yako, masizi yatatoka kwa maombi?”

“Yatatoka kwa kijiti cha mwanzi, kuku. Polepole, mbali na mbabula yenye makaa ya moto.”

“Kuku wa nyumba hii amesoma sana,” akasema mama, akaumwaga mchanga chini.

Akachonga mwanzi, akakwangua taratibu huku akiichovya tena na tena, mpaka pistoni ikatakata bila mkwaruzo hata mmoja. Kisha akaiweka juu ya jani la mgomba, akaingia ndani, ili mkwe wake apate kuja kuichukua.