Ramani ya Kijani

Karani wa takwimu, jirani yangu wa meza hapa ofisi ya elimu, huchonga penseli yake ya kijani kwa wembe. Kichongeo anacho, ila anasema kinavunja ncha. Hupuliza maganda, hufuta vumbi la Dodoma lililoingia dirishani, ndipo hurudia ramani yake ya dunia, inayoonyesha kila nchi ina wavulana wangapi sekondari. Nchi ambako karibu wote wanasoma huzikoleza kijani. Ambako ni wachache, mkono wake hupita kwa wepesi, karatasi ikabaki karibu kama ilivyokuwa. Hapandishi sauti. Mzazi akija kulalamika kwamba mwanawe amefeli darasa la saba, hujibu vilevile kila mwaka: "Hakufeli. Amefaulu, ila hakuchaguliwa. Nafasi hazitoshi. Kama ada unayo, jaribu shule za binafsi."

Jana alikuja mzee Hamidu kutoka Kondoa, akapewa jibu hilo kuhusu Yahaya wake. Hakuondoka. Aliinamia ramani, akauliza kile kijani ni cha nini, akaelezwa.

"Na sisi tuko wapi, mama?"

Karani akaigusa Tanzania kwa ncha ya penseli. Ilikuwa karibu nyeupe. Mzee aliitazama, kisha akashusha pumzi kama mtu aliyepewa habari njema.

"Kumbe siyo wangu tu," akasema, akashukuru, akatoka mwepesi kuliko alivyoingia.

Karani akachukua wembe. Penseli ilikuwa imechongoka tayari, lakini aliendelea kuichonga mpaka kikabaki kipande kisichoshikika.