Mkaa Usio na Moshi

Mimi sijawahi kuishi kwenye theluji, lakini arobaini moja ya uzazi, ya kwenye theluji, nimeisimamia kutoka hapa hapa Ghubra, Maskati, nimekaa kwenye kochi langu, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Anayetaka kucheka na acheke. Nilikuwa mwalimu mkuu wa skuli ya wasichana mpaka nilipostaafu, na mtu aliyewahi kunyamazisha skuli nzima ya wasichana siku ya mvua hashindwi na simu.

Binti yangu alijifungulia Kanada, ambako mumewe anasomea udaktari bingwa. Mtoto wa kiume, mjukuu wangu wa kwanza, na kwa mama yangu kitukuu wake wa kwanza. Tikiti yangu ilikuwa tayari na begi limeshajaa, mama akateleza bafuni akavunjika nyonga. Basi huku mama, huku mwana, na mimi ni mmoja. Mume wangu, ambaye methali humjia pale pasipotakiwa, akaniambia, "Fimbo ya mbali haiui nyoka."

"Hii yangu ndefu," nikamwambia. "Utaona."

Begi likasafiri bila ya mimi, na jamaa yetu aliyekuwa akienda huko huko. Mlikuwa na mkaja wa kufungia tumbo, kanga, mafuta ya habasoda, pilipili manga ya uji, udi na chetezo. Kila siku baada ya sala ya alasiri, kwao ikiwa asubuhi, napiga simu ya video. Umekoga maji ya moto? Ya moto, si ya uvuguvugu! Mkaja umeufunga? Simama niuone. Uji umekunywa? Nionyeshe bakuli, na usinionyeshe bakuli la jana. Binti yangu ana digrii mbili, lakini mbele ya uji wa pilipili manga alikuwa akikunja uso kama mtoto wa chekechea, nami namngoja mpaka amalize.

Mama alikaa pembeni yangu kwenye kiti cha juu chenye mto, mkongojo wake umeegemea ukutani. Mkuu wa kweli wa arobaini ile alikuwa yeye. Mimi nilikuwa msaidizi wake tu, maana hayo yote nayajua kwa kufundishwa naye. Na katika sheria zake zote, moja ilizipita nyengine: mzazi na mtoto mchanga wasipigwe na upepo. Madirisha yafungwe, mlango ufungwe, pazia lishushwe.

Nyumbani kwetu mtu anaweza kubishana na mama juu ya chumvi ya mchuzi au juu ya mahari, lakini si juu ya hilo. Sote tulijua lilikotoka. Tuliporudi huku kutoka Unguja mimi nikiwa mdogo, jamaa za baba walitupokea kwanza kwenye kijiji cha mlimani, huko ambako siku za baridi maji huganda ndani ya ndoo. Mama akazaa huko huko. Yule ndugu yangu hakuimaliza arobaini yake. Asubuhi moja mama aliamka kichwa kikimpasuka, akanyoosha mkono, akamkuta mtoto wa baridi. Watu wa kule wakasema ni upepo wa mlimani, umepenya umempiga. Mama akaamini, na sisi tukaamini. Tangu siku hiyo, palipo na mtoto mchanga mama hufunga madirisha. Wanangu wote nimewalea kwenye vyumba ambavyo hata inzi hakupata pa kutokea.

Sasa, theluji. Siku za mwanzo tuliifurahia. Binti yangu alikuwa akituonyesha dirishani, miti yote myeupe tupu, na mama akisema, "Barafu yote hiyo, na hapana hata mtu wa kuitilia sharubati!" Tukicheka. Kisha ikaja siku ikaanguka usiku kucha na asubuhi isitake kukoma. Mkwe wangu alikuwa zamu hospitalini na barabara zikafungwa, hakuweza kurudi. Binti yangu akanipigia mapema kuliko kawaida, hata adhana ya alasiri kwetu bado. Niliuona mvuke ukimtoka mdomoni, naye yumo ndani ya nyumba.

"Umeme umekatika, mama," alisema. "Na joto la nyumba linategemea umeme."

Alivaa koti na kofia. Mtoto alikuwa amefungwa mablanketi, panaonekana pua tu. Niliogopa, siwafichi. Nje kwetu watu wanatembea na fulana moja, hiyo ndiyo baridi yetu ya Maskati, na mwanangu yuko kwenye nyumba inayopoa kama sufuria lililoepuliwa. Lakini woga wangu hutoka kwa sauti ya amri, ndivyo nilivyoumbwa. Nikamwambia akusanye kila kitu chumba kimoja. Avute godoro mbali na ukuta wa nje. Amvue mtoto, amweke kifuani ngozi kwa ngozi, amfunge kwa kanga, kisha koti juu yao wote wawili. Alifanya moja baada ya moja, nikimtazama, na mtoto akatulia.

Adhana ikaadhiniwa. Nikamkabidhi mama simu, nikaenda kusali. Na siku ile nilirefusha. Niliomba dua zote ninazozijua, nikasoma na Yasini, nikaomba tena.

Niliporudi mama alikuwa ametulia kabisa, anatabasamu.

"Nshamaliza tatizo," aliniambia. "Mkaa si walikuwa nao? Lile gunia la mishkaki la mumewe. N'memwambia auwashe varandani ndani ya sufuria, angoje uive, uwe mwekundu, usiwe na moshi hata chembe. Kisha autie ndani, afunge mlango. Mkaa ulioiva hauna moshi, hauna neno."

Nikaichukua simu. Binti yangu alikuwa amejilaza kwenye godoro, na nyuma yake niliuona mkaa, sufuria zima, mwekundu mzuri kama wa kuchomea pweza. Chini ya mlango alikuwa ameziba kwa taulo.

"Vipi, mwanangu?"

"Sasa kuna joto," alisema. Sauti ilikuwa nzito. "Kichwa tu kinaniuma. Nna usingizi."

"Mzazi lazima alale," mama akasema kutoka kitini. "Mwache alale."

"Na mtoto?"

"Kalala. Leo katulia vizuri, hata hakulia."

Wallahi hapo ndipo nilipokumbuka. Kila mwaka, baridi ikiingia na watu wakaanza kwenda kupiga kambi mlimani na mchangani, nilikuwa nikiwasimamisha wasichana wangu kwenye foleni na kuwaambia lile lile tunaloonywa sote: msilale na mkaa ndani ya hema, msiwashe mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Unatoa hewa isiyo rangi wala harufu. Moshi utakuamsha kwa kukohoa, lakini hewa ile hukulaza tu. Nimelisema hilo hata wasichana wakawa wananiigiza nyuma ya mgongo wangu, na najua walivyokuwa wakiniigiza.

"Mwamshe mtoto!" nikamwambia. "Fungua mlango wa varanda. Sasa hivi!"

"Usifungue!" Mama aliinua mkono. "Usimfungulie mwanangu upepo! Wee, una wazimu? Nje barafu!"

Binti yangu alitutazama kwenye simu, kwanza mimi, kisha bibi yake. Katika nyumba yetu neno la bibi ndilo la mwisho, na hilo nimemfundisha mimi mwenyewe tangu hajaota meno. Macho yake yalikuwa yanafumba.

"Mama, theluji itaingia," alisema polepole.

"Na iingie!" Hiyo ndiyo sauti yangu ya uwanja wa skuli, sikuwa nimeitumia tangu nistaafu. "Leo msikilize mama yako. Simama! Shika ukuta. Fungua!"

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," mama akasema. Sijawahi kumpinga mama yangu mbele ya watu, wala faraghani. Siku ile sikumgeukia hata kumtazama.

Binti yangu aliinuka kwa magoti. Simu ilianguka, tukawa tunaona dari tu. Tulisikia akikokota kitu, tukasikia mlango wa varanda ukigoma, kisha ukaachia, na upepo ukavuma ndani ya simu. Halafu mkaa ukalia chwaaa ndani ya theluji. Nikamwita. Nikamwita tena. Ndipo mtoto alipolia, kwanza kidogo, kama anaulizia, halafu kwa hasira zote za ukoo wetu. Nami nikalia naye.

Nilimwamuru apige namba ya dharura ya kwao, asiufunge ule mlango, akae na mtoto hapo hapo penye hewa, ndani ya koti. Akakata simu yangu ili awapigie. Baadaye tuliambiwa kwamba mtambo wa kusukumia theluji ulitangulia mbele na gari la wagonjwa likafuata nyuma yake. Lakini wakati ule hatukujua chochote. Tulikaa mimi na mama sebuleni na simu katikati yetu, haiiti.

"Ukimuua mtoto yule kwa upepo," mama aliniambia, "mimi sitakusamehe."

"Na usinisamehe," nikasema. Nilikuwa na hasira, nilikuwa na hofu.

Chai ikapoa kwenye vikombe. Mume wangu akaingia, akatutazama, akatoka bila ya methali.

Simu ilipoita alikuwa mkwe wangu. Waliwapeleka hospitali ile ile aliyokwama yeye, na ndiye aliyewapokea mlangoni. Alisema wote wawili wamewekewa oksijeni, wako salama, mtoto kishanyonya. Alisema hayo kwa utaratibu wa daktari, halafu akashindwa, akalia kama mtu yeyote. "Ule mkaa, mama," alisema. "Ulikuwa ule mkaa. Mngeuacha wakalala, wasingeamka."

Nilikuwa nimeweka sauti ya juu, na mama alisikia kila neno. Nilimwambia alhamdulillahi, nikamwambia akambusu mtoto, nikakata. Nikangoja mama aseme kitu. Nilikuwa na ushindi mkononi na nilikuwa tayari kuutumia, maana mimi nikiwa na haki si mtu wa kunyamaza.

"Hata ukiwa hauna moshi?" mama aliuliza.

"Hata ukiwa hauna moshi, mama."

"Na kichwa kinauma?"

"Ndiyo. Kichwa kwanza. Halafu usingizi."

Alitazama mikono yake. Hakulia. Mama yangu si mtu wa kulia.

"Kule mlimani tulitia majiko mawili," alisema. "Baridi ile, nami mgeni, siijui. Mlango ulikuwa na nafasi chini. Niliuziba kwa kanga yangu."

Ushindi wangu wote uliniishia. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake nikamshika miguu, nikamwambia, hukujua, mama, nani angejua. Aliniachia nimshike. Kisha akaomba mkongojo wake. Tangu aanguke hakuwahi kuinuka bila ya kushikwa, lakini siku ile aliusukuma mkono wangu. Akenda mpaka dirishani, akahangaika na komeo lililogandishwa na miaka ya kiyoyozi, na sikumsaidia kwa sababu hakutaka. Likafunguka. Akasimama pale, upepo wa jioni ukimpeperusha mtandio.

"Miaka yote hii nakuapiza wewe," alisema, na hakuwa akisema na mimi.

Walikuja wakati wa joto, binti yangu, mumewe na mtoto aliyenona vizuri, mwenye sauti ya kuuza samaki. Jamaa walijaa sebuleni kuja kumwona. Kiyoyozi kilikuwa kimewashwa, na dirisha moja limeachwa wazi kwa amri ya mama, joto lote la Maskati likiingia, na mimi nikiomboleza umeme wangu kimyakimya. Mama alikuwa amempakata kitukuu wake. Shangazi yangu mmoja, anayejua desturi za mama kuliko mtu yeyote, akainuka haraka kwa heshima akalifunge.

"Wacha wazi," mama akamwambia. "Mmoja nilimfungia."